Damu ya Kiazisukari

Damu ile niliipika mimi, jikoni kwangu, Duisburg:
sharubati nzito ya kiazisukari, rangi ya keki,
na kakao kidogo isije ikang'aa kama rangi ya kucha.
Lita kumi na nane. Jirani aliuliza kama nina harusi.

Wimbo wenyewe hauna mengi. Gitaa linakwaruza,
Ansgar anabweka maneno manne,
na chini yake, ndi! ndi! ndi!
nyundo kuu ya kufulia chuma, waliyoirekodi
juma la mwisho kabla kiwanda hakijafungwa.
Mpiga ngoma hawakumhitaji.

Tulipiga picha usiku wa Februari, tanuri limezizima.
Tilo, mwongozaji, alitaka nguruwe, alitaka askofu wa nta,
alitaka wanaume uchi waning'inie kwenye kulabu.
Akavipata. Nikawamwagia.
Kutetemeka kule hakukuwa uigizaji.

Mwishoni mwa safu, na koti lake, mzee Pawlitzki,
miaka thelathini na mmoja kwenye nyundo ileile,
amekuja kwa marki hamsini na supu.
Inua mkono, akaambiwa.
Akainua: vidole viwili, na kipande cha gumba.
Nikasogea na birika langu.
"Usijisumbue, binti. Huu ulishamwaga yake."

Kisha, kelele.
Maaskofu wa nyama na mifupa waliandika barua.
Mbunge mmoja alihesabu: sekunde sabini na mbili za damu.
Kanda zikauzwa kama mikate ya asubuhi.
Televisheni ikaunda kamati, watu watano,
kahawa, biskuti, kitufe cha kurudisha nyuma.

Nguruwe akapita. Kulabu zikapita, baada ya saa tano usiku.
Damu yangu hawakuigusa.
Walikata sekunde tatu tu,
zile za mkono mkavu.
"Urembo uliokithiri," waliandika,
"unachefua, tena hausadikiki."

Nilimpelekea barua ile. Aliisoma mara mbili,
akacheka hadi kikohozi kikamkunja.
Halafu akaniomba nimwekee wimbo.
Picha sitaki, alisema, nimeshajiona.
Akafumba macho, mkono juu ya meza.

Ndi.
Kila nyundo ilipokaribia kushuka,
kabla sikio langu halijapata kitu,
mkono ule ulijiondoa mezani
wenyewe.