Mvua Haikunyesha Jumamosi

Madaftari kumi na manne, majalada ya kijani,
yananuka pumba za mpunga na mende;
nimeyabeba kutoka Ahero ndani ya gunia la mbolea
hadi chumba changu Migosi, ghorofa ya tatu,
ambapo kompyuta inavuma kama jiko la mafuta
nami naipa kazi: nitafutie umbo la mvua.

Kila siku, saa tatu asubuhi,
karani Naftali Ombewa alichuchumaa penye kipimamvua,
akamimina maji katika bilauri nyembamba,
akaandika. Milimita nne nukta mbili.
Sufuri. Sufuri. Kumi na saba.
Wino wa buluu, saba yenye mkanda kiunoni.

Mvua si kengele, huwaambia wanafunzi wangu,
haijai katikati ikapungua sawa pande zote.
Mvua ni mnyama mwenye kichwa kikubwa cha sufuri,
shingo ya manyunyu,
na mkia,
mkia mrefu, mwembamba, unaoburutwa kulia mwa karatasi
hadi mahali ambapo hajawahi kusimama mtu.
Kichwa tunakijua. Mkia ndio unaopiga.

Lakini modeli iligoma.
Sufuri zilizidi. Nilizipunguza, zikarudi;
nikabadili mgawanyo, nikakesha,
hadi nilipozipanga kwa siku za wiki
nikacheka peke yangu saa nane usiku:
kwa miaka kumi, Ahero,
mvua haikunyesha Jumamosi.

Sabato!
Naftali alikuwa kanisani na suti yake ya kahawia,
maji yakimngoja chomboni;
Jumapili akayamimina ya siku mbili pamoja
akayaandika kama ya siku moja, bila hila.
Ndiyo maana Jumapili zake zote zimenenepa.

Hilo niliweza kulirekebisha.
Kila Jumamosi nikairudishia fungu lake,
mara elfu kumi, kila mara kwa namna nyingine,
maana sijui lipi lilikuwa kweli,
na kutojua nako kuna hesabu yake.

Kisha Aprili, daftari la kumi na moja.
Tarehe kumi na nane: sitini na moja.
Kumi na tisa: themanini na nane, mwandiko umeinama.
Ishirini: patupu.
Wiki tatu patupu, kisha wino mweusi, mkono mwingine,
saba bila mkanda.

Nilimpigia simu Risper, binti yake, fundi cherehani.
"Alikwenda kukitoa kile chombo," alisema.
"Nyando ilikuwa imeshafika uani. Cha serikali, alisema, kitasombwa."
Hakuongeza neno. Nikasikia cherehani ikianza tena.

Nilitazama kalenda. Ishirini ilikuwa Jumamosi.

Kompyuta inauliza: pengo hili, nilijaze?
Inaweza. Inawajua majirani, Kibos, Muhoroni, Koru,
itaniletea namba laini yenye ukingo wa makosa pande mbili.
Wenzangu huweka sufuri; sufuri haisumbui mtu.
Lakini siku iliyo kubwa kuliko zote
haimo daftarini kwa sababu ilikuwa kubwa.
Ilichukua kipimo, ikamchukua mpimaji.
Mkia ulipita ukifagia nyayo zake wenyewe.

Basi kwenye safu ya Aprili ishirini
sikuandika namba. Niliandika ishara: kubwa kuliko.
Kubwa kuliko themanini na nane.
Kubwa kuliko mdomo wa chombo.
Modeli imeipokea. Mstari umeinuka kule kulia,
unene wa unywele,
na daraja litakalojengwa, kama litajengwa,
litapanda juu nusu mita
kwa ajili ya siku ambayo hakuna aliyeiandika.

Nusu mita.
Sijui nitamwelezaje Risper.
Sijampigia.