Mia Tano ya Kiti

Mwisho wa mwezi, saa saba mchana,
nimeoga mara mbili, ya pili kwa limau,
nimevaa gauni la kipaimara cha Kwandu
nikapanda ngazi za mbele.

Za nyuma nazijua. Ni tatu, ya kati imemeguka,
hapo ndipo natua ndoo kila alfajiri.
Za mbele zilikuwa tisa, zina vigae,
nilizihesabu polepole kama mtu anayelipia.

Nikachagua meza ya dirishani.
Ziwa lilionekana kipande tu,
kanga iliyoanikwa kati ya maghorofa mawili.

Mhudumu alikuwa na beji kifuani: SUBIRA.
Nilidhani ni jina.
Kumbe ni maagizo.

Dada, samahani.
Nakuja.
Nakuja yake ilikuwa ya mtu anayeondoka.

Feni ikazunguka. Inzi akatua kwenye kijiti cha meno,
akasugua mikono, yeye angalau alinawa.
Subira akapita, akavuta pumzi,
akarudi nyuma hatua moja,
akafungua dirisha langu.
Hakusema neno.
Mimi nami sikusema. Nilinusa kiganja changu chini ya meza:
limau. Na chini ya limau, Kirumba yote.

Wakaingia wanaume wanne wa semina,
vitambulisho vinaning'inia shingoni kama kengele za ng'ombe.
Meza yao ilifutwa mara mbili.
Maji ya kunawa yalikuja yakitoa mvuke,
na Subira akacheka, ana mwanya,
sikuwa nimejua kama ana mwanya.

Halafu sato akaja kwao, mzima, juu ya sinia,
kitunguu kimemlalia ubavuni.
Nikamtambua.
Mimi hukata mishale mitatu, wenzangu hukata miwili,
na huyu mkia wake uliliwa kidogo na kenge
nikamwambia mpishi, mchukue, nakupunguzia.
Karibu nimsalimie.

Saa nane na robo nikaletewa wali maharage.
Niliagiza sato na ugali.
Samaki wameisha, mama.
Wameisha?
Asubuhi nilishusha kumi na wanane.
Tangu nikae nimehesabu miiba ya meza zote:
kumi na mmoja.
Lakini hesabu hiyo ningeitoaje mdomoni
bila kutoa na ndoo?

Nikala. Wali ulikuwa wa baridi, umeshikana,
maharage yana punje moja ya jiwe, nililiweka ukingoni mwa sahani
walione.
Bili: elfu saba na mia tano.
Nikatoa noti nne za elfu mbili mbili.
Chenji hakuna, mama, utapita baadaye.

Ndipo mtu akafoka kutoka kaunta, We Subira! Umelala?
akageuka haraka, na kiatu kikabaki nyuma.
Kisigino kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Akainama kukichukua, shingo yake imelowa jasho.
Hasira yangu ikapungua.
Si yote. Kidogo.

Nikashuka ngazi tisa.

Kesho yake, saa kumi na moja, giza bado,
taa za karabai zinarudi toka kwenye dagaa,
Lugembe mpishi akafika mwaloni na beseni lake.
Mwangaluka, mayu.
Mwangaluka.
Nipe kumi na wanane, bei ile ile.

Bei ile ile, nikasema, na mia tano juu.
Mia tano ya nini?
Ya kiti.

Lugembe akatazama kushoto, akatazama kulia.
Mizani, magamba, mbwa, mawe.
Kiti gani, mayu?

Nikamwaga maji ya ndoo, nikaipindua,
nikaifuta kitako kwa upande msafi wa kanga,
mara mbili.
Kaa, nikamwambia.
Unataka wangapi wakubwa?