Moshi wa Kununua

Dukani San Angelo, Jumamosi ya mwezi wa tatu,
majiko ya moshi yamepangwa kama maharusi waliochelewa kuchukuliwa:
la umeme, jembamba, friji lililokosea mlango;
la gesi, lenye kitufe kinacholia tak na moto umewaka;
la makaa, tumbo duara, miguu mitatu;
na hilo la vidonge vya mbao, lenye kioo na namba za kijani.

Hirbae mume wangu amesimama mbele ya hilo la vidonge
kama mtu anayesomewa wosia.
Kijana wa duka, Colby, jina lake kifuani, anamwambia
utalala bwana, simu yako italinda moto,
joto likishuka itakuamsha.
Dola mia nane na tisini. Turubai ya kulifunika, bei yake mbali.

Nikacheka, nikajifanya nakohoa.
Moto unaolindwa na simu!
Mimi moto nimeulinda kwa mashavu,
nimepuliza mpaka nikaona nyota mchana,
kule Hola, kwenye banda la jikoni, mafiga matatu,
mama akinifuta macho kwa pindo la leso,
akisema moshi haujawahi kuua mpishi.
Nilipopata nyumba ya jiko la swichi
niliupa moshi talaka tatu.
Palipo na moshi hapakosi moto, walituambia.
Hawakutuambia hapakosi risiti.

Au mnataka kuni, Colby akauliza,
akaonyesha kwa kidevu mifuko ya wavu kando ya mlango.
Nikainama. Gome lililopasukapasuka,
moyo mwekundu, na mwiba mmoja
waliosahau kuukwanyua.
Pua ilijua kabla yangu.

Mathenge.

Au ndugu yake, mtoto wa mama mdogo; uso ni ule ule.
Mti ulioletwa kwetu uzuie jangwa,
ukazuia njia, ukazuia mashamba,
ukafika mtoni kabla yetu.
Ulitoboa kandambili yangu na unyayo uliokuwa ndani.
Mbuzi wa majirani zetu Waorma uliwaozesha meno
mpaka wakawa wanatafuna kama vibibi.
Hapa umekatwa sawasawa, dola tisa mfuko,
na Colby analitaja jina lake polepole
kama anamkaribisha mgeni rasmi.

Nikamshika Hirbae mkono, tukatoka.

Tulilonunua lilikuwa la Delfino Arriaga, mtaa wa pili,
fundi bomba mstaafu, aliliunga mwenyewe:
bomba nene la chuma lililolazwa,
na kisanduku cha moto ubavuni
kama mtoto aliyebebwa kiunoni.
Mia na hamsini, na kutu bure.
Arriaga akasema mti huu una hasira,
uwashe pembeni, uache uwe kaa ndipo uutie ndani.
Moshi mweupe mzito ni uchungu mtupu,
ngojea ule wa buluu, mwembamba,
unaouona ukiwa huutazami.
Nikaitikia kwa adabu, kama mtu
anayefundishwa jina la shangazi yake.

Kidari cha ng'ombe, kilo sita, chumvi na pilipili manga.
Nimewasha saa kumi alfajiri.
Kufika saa tano joto la nyama limegoma,
halipandi, halishuki, limekaa kitako.
Hirbae anachungulia simu yake kwa mazoea.
Simu haijui lolote.
Nimemwambia alete kiti, aache kufungua mlango,
nyama si mgonjwa wa kutembelewa kila dakika.
Naongeza kipande kimoja. Naziba kidogo. Nafungua kidogo.
Macho yanawasha pale pale pa zamani.

Saa saba mchana hapa, saa tatu usiku kwao,
nampigia mama, namwonyesha moto kwa kamera.
Mama, unajua hizi ni kuni gani?
Anasogeza uso mpaka naona tundu la pua tu.
Mathenge, mama. Wanauuza. Dola tisa mfuko.
Kimya. Nikadhani mtandao umekata.
Kisha, taratibu, kama anayeulizia wagonjwa:

Na mbuzi wa huko, mwanangu, wana meno?