Ukurasa Mmoja Kuhusu Soroti

Halmashauri imeniagiza ukurasa mmoja:
historia, uchumi, vivutio.
Mgeni, wamesema, hana muda.
Nimeazima kalamu ya Ekellot, mjukuu wangu,
mimi niliyepima pamba miaka ishirini na sita
bila kuombwa neno, ila kilo.

Kwa Kiswahili, nikakubali,
ingawa hapa wengi waliisikia lugha hii kwanza
kwenye kizuizi cha barabarani, ikiwaamuru washuke.
Mimi niliipata kwa wapakiaji wa reli,
waliokuwa wakitaniana nayo juu ya marobota.

Haya, historia.
Kabla ya mji kulikuwa na jiwe.
Lingali pale, limechomoza katika tambarare
kama goti la mtu aliyelala chali chini ya nyasi.
Reli ilikuja kwa ajili ya pamba,
pamba ilikuja kwa ajili ya kodi,
na kodi, tuliambiwa, ilikuja kwa ajili yetu.
Ghala, mizani, foleni: mji ukawa mji.
Wahindi wakajenga maduka yenye vibaraza,
wakachonga mwaka juu ya kila mlango
kana kwamba mlango ni mtoto.
Mwaka wa sabini na mbili Bwana Vrajlal
alinipa ufunguo wake akiwa amevaa koti, na jua lote lile.
"Nishikie, Asekenye. Mpaka Jumatatu."
Ninao bado. Kufuli wamebadilisha mara nne.

Uchumi.
Uchumi wetu ulikuwa na pembe.
Baba alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja,
kila mmoja na jina lake na ukaidi wake.
Usiku mmoja waliswagwa kuelekea machweo ya watu wengine,
na bunduki zilikuwa nyingi kuliko mbwa wetu.
Kwa miezi baba aliamka alfajiri,
akafungua lango la zizi,
akasimama pembeni kuwapisha,
akalifunga.

Karani wa halmashauri amelikata hilo kwa wino mwekundu.
Anataka takwimu.
Arobaini na moja kutoa arobaini na moja.

Siku hizi tunauza karanga, ulezi, muhogo uliokaushwa
juu ya mawe hadi ukawa mweupe kama chaki.
Tunauza machungwa.
Kuna shule ya marubani: ndege ndogo zinazunguka asubuhi nzima
kama nzi aliyepotewa na dirisha.
Ekellot anaziosha. Anasema tumbo la ndege
lina mafuta na panzi, basi, hakuna siri nyingine.
Pamba? Kinu kimeota mti ndani yake.
Mizani yangu sijui iko wapi.
Labda inapima vyuma chakavu,
na ikiwa ni hivyo, naomba waijue:
huibia gramu mia mbili upande wa mnunuzi.
Niliripoti. Mara mbili.

Vivutio.
Panda jiwe. Kuna ada.
Juu utaona nchi ilivyo bapa, hadi maji ya kinamasi
yanapong'aa kama bati, na utajua
kwa nini hatukuwa na pa kujificha.
Wageni hupiga picha upande huo. Ni sawa, panapendeza.

Jioni ukiitwa kwenye chungu cha ajono
usiombe glasi. Utapewa mrija mrefu,
utakaa katika duara na watu usiowajua,
na atakayekuuliza ukoo wako hana nia mbaya.
Usiuinue mrija ukautikisa. Kwa nini, utaambiwa ukishautikisa.

Karani amekuja tena. Ukurasa umepita, anasema,
na wapi "karibu sana"?
Nimempa chungwa.
Amelitazama, la kijani kibichi, akalirudisha: bado.
Mtoto wa Kampala huyo.
Machungwa yetu huiva bila kumwambia mtu.
Andika hivi, nimemwambia, uweke mwanzoni:
mgeni, njoo na kisu.