Shubaka la Arobaini na Moja

Vua hapa, mwanangu, kabla ya ngazi.
Kofia pia. Na mwavuli ukunje,
mbele yake hakuna anayejifunika.

Mimi ni Gunawati, mtunza viatu wa hekalu la Galketiya,
mwaka wa ishirini na sita juu ya kigoda hiki.
Mashubaka mia na ishirini, vibati mia na kumi na tisa
(kimoja alikimeza mbuzi).

Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana, husema watu.
Mimi sikivai, na najua.
Soli iliyolika upande wa nje ni ya mchuma chai,
mteremko umempinda pamoja na kikapu chake.
Najua nani kaazima viatu vya dada yake,
nani katoka nyumbani kwa ugomvi:
kushoto cheusi, kulia cha kahawia.

Siku ya Poya, mwezi ukiwa mpevu,
kijiji kizima hupanda kimevaa nyeupe
kama nguo za kamba moja.
Mikononi yungiyungi, petali zimefunuliwa kwa kidole,
na hakuna anayelinusa.
Ukilinusa, umekwisha chukua fungu lako.
Mgeni mmoja aliniuliza, "Kisha yanafanywa nini?"
Yananyauka, nikamwambia. Ndiyo kazi yake.
Ndivyo tunavyosema tukiyaweka:
kama ua hili, na mimi.

Saa sita mawe ya uani huwa kikaango.
Hapo utawaona mameneja na mahakimu
wakirukaruka kukimbilia kivuli cha mti mtakatifu,
na hadhi zao nimezifungia mimi shubakani.

Usiipe sanamu mgongo ili upigwe picha.
Haitakasirika, ina tabasamu lake la siku zote.
Tutakaoumia ni sisi.
Na ukikaa, kunja miguu, nyayo zisimtazame.

Kulikuwa na kandambili za mpira,
ukanda wa kushoto umefungwa kwa waya wa shaba.
Kijana wa karakana, ananuka grisi. Kibati arobaini na moja.
Aliingia ngoma za jioni zikilia. Hakutoka.
Nilikaa hadi taa za mafuta zikajizima,
nikachungulia kisimani, nikamwamsha mlinzi.
Kesho yake hola. Mwezi uliofuata hola.
Lile shubaka sikumpa mtu.
Nilizipangusa kila Poya, nikijiona mjinga:
miaka kumi na moja
kumtunzia mtu njia ya kurudi kwao.

Juzi akaja mtawa kutoka makao ya msituni,
bakuli kwapani, kichwa kinang'aa,
visigino vimepasuka kama tope la kiangazi.
Akasimama mbele yangu kama mwenye deni.
Kwenye mkunjo wa joho akatoa kibati.
Mkono wa mtawa na wa mwanamke havikutani;
alikiweka juu ya ubao,
nikakichukua juu ya ubao.
Arobaini na moja, kimelainika kama sarafu ya zamani.

"Nilitokea mlango wa watawa," akasema.
"Niliogopa nikiziona nitazivaa."

Nikazishusha. Nikampangia,
vidole vikielekea barabarani, kama nimpangiavyo kila mtu.
Akacheka, kicheko kile kile cha karakana.
"Mama, tafuta zinayemtosha."

Zikamtosha, kwa kuzidi kidogo, mtoto wa muuza ubani.
Nikamsikia mteremko mzima: pa, pa, pa.

Usiku, mashubaka yakiwa matupu,
nami huvua zangu.
Hakuna wa kunipa kibati.
Siku hizi naziweka arobaini na moja,
napanda na ua moja lililomsazia muuza maua,
sijalinusa,
na mawe bado yana joto,
la jua au la nyayo za watu, sijajua.