Hesabu ya Minde

Leo pia sikumwona.
Nimeandika daftarini, penseli ikikwama
kwenye karatasi iliyonyonya ukungu:
kinyesi, rundo moja, bado kina joto;
kwato mbili topeni, ya kushoto imeteleza;
tawi limeng'atwa, utomvu haujakauka.
Alikuwa hapa nilipoinama kutoa jiwe kwenye buti.

Miaka sita nalinda mnyama nisiyekutana naye.
Wenzangu wa Ruaha wana tembo,
ambao hata kipofu angewahesabu.
Mimi huku Rungwe nina minde,
mweusi kama sufuria ya msibani,
mpenda usiku, na mvua, na kutokuwepo.

Wageni wa mradi wakipanda kutoka Tukuyu
huniuliza kabla hata hawajavua makoti:
"Umewahi kumwona?"
Nawajibu, bado.
Siwaambii kwamba nilimwona mara moja,
nina miaka saba, jikoni kwa baba mkubwa Ambakisye,
mwezi wa nne, mvua inapiga bati hata hatusikilizani.
Alikuwa ndani ya chungu, pamoja na ndizi.
Nilipewa kipande cha paja. Nikalamba vidole.
Zile nywele nyekundu za utosini
zilikuwa zimetupwa nje kwenye kuku;
nikaziokota, nikamtengenezea mwanasesere wangu wa gunzi
kichwa cha harusi.

Baba mkubwa sasa hana meno, ila bei anaijua:
njia moja ya minde, kilo moja ya sukari.
Huichora kwenye majivu kwa kijiti.
"Hapa hunywa. Hapa husimama, hunusa nyuma.
Hapa ndipo nilipokuwa nategea."
Kesho yake naenda hapo hapo na koleo.

Waya za breki za baiskeli.
Waya za simu ya posta, za enzi zile.
Kamba ya katani iliyopakwa samadi
isinuke mkono wa mtu.
Mwaka huu nimekata mia mbili na kumi na nne.
Zimening'inizwa ofisini msumarini,
upepo ukiingia zinasemezana.

Moja nilitambua fundo lake.
Mizunguko mitatu, kisha ncha inarudi chini:
hivyo ndivyo Lugano, mdogo wangu, anavyofunga kuni.
Daftarini sikuandika jina.
Nilikwenda kwake usiku, nikaiweka mezani
kando ya sahani yake ya viazi.
Hakuna aliyesema kitu.
Mkewe akaniongezea mboga.

Juzi tumeshusha kamera ya kule kwenye mianzi.
Picha elfu moja na mia tatu:
majani, majani, mvua, nungunungu,
mimi mwenyewe nikijikwaa, majani.
Na moja, saa tisa za usiku,
mgongo mweusi unatoka nje ya picha,
sikio moja limegeuzwa nyuma
kama la mtu aliyeitwa na asiyetaka kuitika.

Mkuu wa kituo aliguna. "Haina uso hii.
Wafadhili tutawaonyesha nini?"
Nikamwomba anichapie nakala.
Ipo hapa, mfukoni mwa sweta, imeshaanza kukunjamana.
Nikipumzika naitoa,
napitisha kidole taratibu, kutoka nyonga hadi topeni:
mmoja, wa pili, wa tatu,
na ule wa nne, umefichwa nusu na jani,
lakini upo. Unakanyaga.
Nimehesabu tena.