Sekunde Arobaini

Saa moja kabla ya mechi nilikuwa juu ya paa,
koleo mdomoni, upepo wa kusini ukinikata masikio,
naigeuza antena ya Bi Nibia unywele kwa unywele
kuutafuta mnara.
"Sasa?" nauliza.
Sauti inatoka dirishani, ghorofa ya kwanza:
"Kipa hana kichwa!"
"Na sasa?"
"Kichwa kimerudi. Usiguse tena. Shuka."

Mimi ni fundi wa jengo hili, hapa Paysandú.
Najua kila waya unakoingia na nani hajaulipia.
Chini kabisa yupo Wilmar mwokaji, hataki runinga;
ana redio iliyofungwa kwa mpira wa gari,
na mtangazaji wake hupaza sauti
kama anayeibiwa mchana kweupe.
Ghorofa ya tatu, akina Olivera na king'amuzi chao,
kifurushi cha dhahabu, mkopo wa miezi kumi na miwili.
Ya tano, wanafunzi wa uuguzi:
tarakilishi moja, vichwa tisa,
nywila ya shangazi wa mtu fulani
ambaye wote wanamwombea afya njema.
Na ya sita, chini ya tangi la maji,
Yamandú, miaka kumi na mitatu, mguu kwenye plasta,
simu yenye ufa, bando la kupimiwa.

Ndipo nilipojifunza kuwa goli hupanda ngazi.
Dakika ya thelathini na moja
lilianzia kwenye unga, kwa Wilmar.
Pumzi mbili, Bi Nibia akapiga sufuria.
Likapita kwa Olivera, likavunja kikombe,
likakawia, likawafikia wauguzi,
na lilipogonga mlango wa Yamandú
lilikuwa limeshapoa kama uji wa jana.
Akachungulia ngazini, akapiga kelele:
"Nyinyi mnanila kesho yangu!"
Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.
Nikachukua saa, nikapima:
sekunde arobaini. Kutoka redioni hadi kwake.

Hivyo nikapanda na waya, na kifaa kidogo,
nikiamini naweza kumpunguzia hata kumi.
Wenzetu walikuwa wamesawazisha.
Dakika za nyongeza zimeisha karibu zote.
Nilikuwa kati ya ya nne na ya tano
mtangazaji aliposema, penalti, yetu,
kisha jengo zima likaacha kupumua.

Nikangoja sufuria.

Sufuria haikulia.

Kimya nacho hupanda ngazi, kumbe.
Kilinipita pale nilipo, bila kunisalimu.
Kwa Olivera mtu alisogeza kiti, basi.
Wauguzi walisema "jamani" mara moja, kwa sauti ya wodini.
Hakuna aliyeapa. Hakuna aliyepiga ukuta.
Mtu, sijui nani, alifunga mlango polepole
kama nyumba yenye mtoto aliyelala.

Nikaingia. Kwenye kioo kile
mshambuliaji wetu ndiyo kwanza anauweka mpira,
anaupangusa kwa kiganja, anarudi nyuma hatua nne.
Yamandú hakuniangalia.
"Umesikia kitu?"
"Sijasikia kitu," nikasema,
na katika maisha yangu ya ufundi
sijawahi kusema kweli iliyoniuma namna ile.

Akatega sikio. Tangi lilidondosha tone.
Huko chini, redio ilikuwa imezimwa.
"Wilmar hazimi redio," akasema.
"Hazimi," nikasema.

Kidole chake kikagusa kioo. Picha ikasimama:
kipa mikono wazi, nyasi, chokaa,
mpira mweupe ambao bado hakuna aliyeukosea.
"Maji ya mate yamechemka," akasema. "Tunywe kwanza."

Tukanywa kwa zamu, bombila moja.
Mpira ukatungoja.